Pointi Saba Mkononi: Kurudia Mtihani wa Kidato cha Sita au Kwenda Chuo

Kila mwaka ifikapo Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, huja watu wa aina mbili kuniuliza kuhusu kurudia mtihani. Wa kwanza ni wale ambao matokeo yao yamekuwa mabaya kabisa, na kwao jibu si gumu kulipata, kwa sababu kila mlango wanaoutaka umekwisha kufungwa. Wa pili ni waliofaulu vizuri, wengine kwa daraja la kwanza, lakini wakapungukiwa pointi moja au mbili za kuwafikisha katika kozi au chuo walichokiwazia tangu utotoni. Hao ndio wanaoninyima usingizi, maana tayari wana kitu mkononi na wanafikiria kukiweka chini ili wakakitafute kingine. Nimefundisha Kemia kwa miaka mingi, kwanza shuleni na sasa katika kituo cha jioni cha watahiniwa wa kujitegemea, na makala haya nayaandika kwa ajili ya kundi hilo la pili pamoja na wazazi wao.

Jioni moja alikuja mzazi akiwa na binti yake. Binti aliniamkia, nikamwitikia, akakaa mwishoni mwa benchi, na baba yake akanikabidhi karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Biolojia alikuwa na B, Kemia B, Fizikia C. Daraja la kwanza, pointi saba. "Mwalimu," baba akaniambia, "huyu tangu darasa la tatu anasema atakuwa daktari. Chuo alichokitanguliza hakikumchukua. Kuna kingine cha Mwanza kimempa nafasi ya udaktari huohuo, lakini wajomba zake wanataka arisiti, arudie mtihani. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame." Binti mwenyewe hakusema neno. Alikuwa anaiangalia ile C kana kwamba ndiyo herufi pekee iliyoandikwa pale.

Nianze na hesabu, kwa kuwa familia nyingi huamua jambo hili bila kuifanya. Mtahiniwa wa kidato cha sita nchini Tanzania hupimwa kwa mizani mbili zinazokwenda kinyume. Kwa Baraza la Mitihani, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, kwa hiyo anayepata pointi chache ndiye aliyefanya vizuri zaidi, na daraja la kwanza huanzia pointi 3 hadi 9 katika masomo matatu ya tahasusi. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu mambo hugeuka: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na hapo anayetafutwa ni mwenye nyingi. Binti yule mwenye pointi saba za matokeo alikuwa na pointi kumi na moja za udahili. Kilele ni kumi na tano, yaani A tatu. Juu yake, kwa hiyo, kulikuwa na ngazi nne tu, na chini yake kulikuwa na ngazi nyingi zaidi. Akirudia na kuifanya C ya Fizikia kuwa B, atakuwa amepanda ngazi moja, kutoka kumi na moja hadi kumi na mbili, na huo ndio upandaji ambao mtu mwenye akili timamu anaweza kuupangia. Kupanda ngazi tatu au nne kwa pamoja hutokea, lakini hakuna mzazi anayepaswa kuweka mwaka wa mtoto wake rehani kwa matumaini ya aina hiyo.

Pointi peke yake, hata hivyo, hazielezi kila kitu, na hapa ndipo wengi huteleza. Mchukue mtahiniwa mwingine wa PCB, yaani tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia, aliyepata A ya Biolojia, A ya Kemia na E ya Fizikia. Jumlisha: moja, moja na tano. Naye ana pointi saba, na naye kwenye mizani ya udahili ana kumi na moja, sawasawa na binti yetu. Ukiwasikiliza majirani, hao wawili wana tatizo moja, wakati ukweli ni kwamba hali zao hazifanani hata kidogo. Kozi ya udaktari haidai jumla ya pointi tu. Mwongozo wa udahili wa kila mwaka huweka pia kiwango cha chini cha kila somo kati ya yale matatu, na E ya Fizikia ndiyo alama inayoweza kuwa chini ya kizingiti, hata kama masomo mengine yana A zinazong'aa. Kijana huyo wa pili amezuiwa na herufi moja inayojulikana, iliyo mbali na uwezo aliouonyesha kwenye masomo mengine, na juu ya E yake kuna nafasi kubwa ya kupanda. Binti yetu hajazuiwa na chochote. Amekidhi vigezo vyote vya kuwa daktari, na kilichomtokea ni kwamba katika chuo kimoja walikuwapo waombaji waliomzidi. Kurudia mtihani kwa sababu ya kizingiti kunaeleweka. Kurudia kwa sababu ya foleni kunahitaji ushahidi mzito sana, kwa kuwa foleni ya mwakani haijulikani itakuwa na urefu gani, na anayerudi atapangwa pamoja na wahitimu wapya ambao nao watakuja na A zao.

Kuna jambo lingine ambalo matokeo yenyewe hulificha. Baraza hutoa herufi, halitoi maksi. C inaanzia 60 na kuishia 69, B inaanzia 70 hadi 79, na aliyepata 69 hupokea herufi ileile anayopokea aliyepata 60. Kwa hiyo mtahiniwa anayesema "nilikosa kidogo tu" anasema asichokijua. Huenda alikuwa amebakiza maksi moja, huenda alikuwa amebakiza kumi. Vilevile, na hili husemwa mara chache sana, hajui kama B zake mbili zilikuwa 79 au zilikuwa 70 zilizookolewa na swali moja aliloliota usiku wa kuamkia mtihani. Mtu akifanya vizuri, katika ufaulu wake kuna uwezo na kuna bahati: maswali yaliyoangukia mada alizozisoma, afya iliyokuwa nzuri wiki ile, jaribio la maabara lililokubali mara ya kwanza. Uwezo huenda naye kwenye mtihani wa pili. Bahati hugawiwa upya. Ndiyo maana, kwa jumla, aliyekuwa juu sana mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kushuka kidogo kuliko aliyekuwa katikati, na hilo halina uhusiano wowote na uvivu wala kiburi.

Jambo hili limeonekana hata mahali ambapo kurudia ni rahisi zaidi. Kule Marekani, taasisi ya College Board inayosimamia SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni, iliwahi kueleza kwamba kati ya wanafunzi waliofanya mtihani huo wakiwa mwaka wa tatu wa sekondari na kuurudia wakiwa mwaka wa mwisho, asilimia 55 walipanda, asilimia 35 walishuka na asilimia 10 walibaki palepale, na kwamba kadiri alama za kwanza zilivyokuwa za juu ndivyo uwezekano wa kushuka ulivyoongezeka. Naitaja Marekani kwa sababu maalumu. Vijana wetu husoma ushauri mtandaoni, na ushauri mwingi wanaoukuta umeandikwa kwa ajili ya mtihani huo: rudia, huna cha kupoteza. Kwa wenzetu hao ni kweli, au inakaribia kuwa kweli, kwa kuwa SAT hufanyika mara kadhaa kwa mwaka, huchukua asubuhi moja ya Jumamosi, na vyuo vingi huchukua alama za juu kabisa za kila sehemu na kuziacha nyingine. Mwanafunzi anaweza kuirudia huku akiendelea na shule yake kama kawaida. Mtihani wetu hufanyika mara moja kwa mwaka, mwezi Mei, na anayeurudia huwa ameshaondoka shuleni. Ukichukua ushauri wa kule ukauleta Kibaha au Songea bila kuubadilisha, umechukua bei ya Jumamosi moja ukaiandika kwenye bidhaa inayouzwa kwa mwaka mzima.

Na huo mwaka wenyewe tuutazame jinsi ulivyo. Kijana hupata matokeo Julai. Wengi wa rika lake huwa wako makambini, kwa sababu tangu mwaka 2013 utaratibu wa wahitimu wa kidato cha sita kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria ulirejeshwa, na miezi hiyo hakuna anayefungua daftari la Fizikia. Kisha huja dirisha la udahili, awamu ya kwanza, ya pili na wakati mwingine ya tatu, na muda wote huo moyo uko kwenye simu. Nimegundua kwamba anayeamua kurudia mara chache huamua Julai. Huamua Oktoba, wenzake wanapofunga masanduku, kwa uchungu wa kubaki. Kuanzia Oktoba hadi Mei ni miezi saba. Na hapo hatujazungumzia usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, ambao hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani na haumsubiri mtu amalize kuhuzunika. Anayetaka kuweka akiba ya uamuzi huu lazima aujue mwisho wa usajili kabla hajaijua hatima yake chuoni, kwa sababu tarehe hizo mbili hazikupangwa ili kumfaa yeye.

Lakini gharama ambayo wazazi huiona mwisho, na mimi nimeiona mwanzo kwa kuwa ndiyo kazi yangu, ni mahali anaposomea huyo anayerudia. Alama za kidato cha sita hatuzipati kwa kichwa chetu peke yetu. Mwanafunzi aliyesoma Mzumbe, Ilboru, Kilakala au Kibaha alikuwa na kengele ya asubuhi, prepu ya usiku, mwalimu anayemfuata mpaka bwenini, maabara yenye kemikali, na zaidi ya yote wenzake arobaini wanaoshindana naye kwenye diskasheni wakigombania swali moja la mekanika mpaka taa zinazimwa. Hayo yote yalichangia ile B. Anaporudia, anarudi kwenye mtihani uleule bila hayo yote. Yuko nyumbani, ana daftari zake za zamani, ana tuisheni ya saa mbili jioni, na ana simu.

Niruhusuni nieleze jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwezi Machi mwaka mmoja, kijana aliyekuwa anarudia akiwa na B ya Kemia aliingia kwenye maabara tuliyoikodi kwa siku mbili ili watahiniwa wetu wafanye mazoezi ya vitendo. Tangu Mei ya mwaka uliopita hakuwa ameshika bureti, ile mrija wa kioo wenye koki ya kudondoshea kemikali. Nadharia aliijua kuliko wote chumbani, na wenzake walikuwa wakimuuliza yeye kabla ya kuniuliza mimi. Alipofungua koki, mkono wake ulikuwa mzito. Rangi ya waridi ikatoweka kabla hajaiona ikififia, akapitiliza. Akaosha chupa, akaanza upya, akapitiliza tena. Mara ya tatu alikuwa anatokwa na jasho na usomaji wake ulikuwa umepishana kwa kiasi ambacho hakuna msahihishaji angekikubali. Mtihani wa Kemia una karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo, na ile ya vitendo haitunzwi kichwani kama kanuni, inatunzwa mikononi, na mikono husahau. Kijana huyo alikuwa na bidii kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. Julai ilipofika, Fizikia aliyoikusudia ilipanda kutoka C hadi B kama alivyoomba kwa Mungu, na Kemia ikashuka kutoka B hadi C. Pointi zake zilikuwa zilezile.

Kwa wasichana kuna uzito mwingine ambao sipendi tuupite kimya. Mvulana anayekaa nyumbani mwaka mzima huambiwa atafute cha kufanya, akaishia kuendesha bodaboda ya mjomba mchana na kusoma usiku akiwa amechoka. Msichana hatafutiwi cha kufanya, kwa kuwa nyumba yenyewe inamsubiri. Kuna maji, kuna wadogo zake, kuna bibi mgonjwa, kuna duka la mama la kukalia asubuhi. Hakuna anayemwonea kwa kusudi. Kila kazi moja ni ndogo na ya haki, na zikijumlishwa zinaumaliza mwaka. Mzazi anayesema "arudie, nitamsaidia" ningemwomba aseme pia ni nani atakayechota maji kuanzia Oktoba hadi Mei, na aseme mbele ya binti yake. Kama jibu halipo, basi kinachozungumzwa ni kukaa nyumbani, na mtihani utafanywa na mtu ambaye hakuwahi kupewa muda wa kuusomea.

Sasa tuweke upande wa pili wa mizani kile kinachonunuliwa. Udaktari wa binadamu katika vyuo vyetu ni miaka mitano, ukifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali. Anayesoma Muhimbili, anayesoma Bugando, anayesoma KCMC kule Moshi, anayesoma Dodoma na anayesoma Kairuki, wote hupitia mkondo huo na wote husajiliwa na Baraza moja la Madaktari Tanganyika. Sisemi vyuo vyote ni sawa. Muhimbili ina historia ndefu tangu shule ya tiba ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, ina hospitali ya taifa mlangoni pake na ina walimu bingwa wa fani nyingi. Anayetaka kuwa mtafiti ana haki ya kuipenda. Ila mgonjwa wa Nachingwea hatamuuliza daktari alisoma chuo gani, na hata serikali inapoajiri haina daraja la mshahara la chuo kimoja na daraja lingine la chuo kingine. Tofauti inayogusa familia kweli ni ada, kwa kuwa chuo binafsi ni ghali kuliko cha umma, na hiyo ni hoja halali kabisa ya kuzungumza mezani. Hata hivyo, mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutolewa pia kwa wanaosoma vyuo binafsi, na miongozo yake ya miaka ya karibuni huwapokea waliohitimu ndani ya miaka mitano, kwa hiyo mwaka mmoja wa kurudia haumfungii mtu dirisha la mkopo. Unachokifanya ni kumsogezea mbele kila kitu: kuhitimu, utarajali, mshahara wa kwanza, na siku ya kuanza kukatwa ile asilimia 15 ya marejesho. Mwaka unaopotea mwanzoni hatuuoni una thamani kwa sababu kijana wa miaka kumi na tisa hana kipato. Thamani yake tutaiona mwishoni, kwa sababu utakuwa umetolewa kwenye miaka ya kufanya kazi akiwa daktari kamili.

Ipo pia njia ya tatu ambayo vijana hujishauri wenyewe kimyakimya, nayo ni kukubali kozi nyingine wasiyoitaka, labda uuguzi au maabara, huku wakijisajili kurudia mtihani na kukusudia kuiacha kozi hiyo mambo yakinyooka. Naielewa hamu hiyo, na simlaumu anayetafuta pa kujishikiza. Ila ni njia inayodai kusoma mitihani miwili kwa wakati mmoja, na kama umesoma kwa mkopo, deni la mwaka huo halifutwi kwa kuwa umehama. Zaidi ya hapo, unakaa darasani katika taaluma inayohitaji moyo ukiwa umeshaiaga kabla ya kuisalimu. Kati ya vijana niliowajua waliojaribu hivyo, waliofanikiwa ni wale waliokuja kuipenda ile kozi ya kwanza wakaachana na mpango wa mtihani.

Nisieleweke vibaya kwamba napinga kila anayerudia. Nimewahi kumwambia kijana arudie akiwa na daraja la kwanza, na ningemwambia tena. Alikuwa na A ya Biolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia, na alikuja na ushahidi: ripoti zake zote za kidato cha tano na cha sita zilikuwa na B ya Fizikia, mtihani wa majaribio wa mkoa alipata B, na wiki ya mtihani wa taifa alikuwa na malaria iliyomlaza siku ya karatasi ya pili, akaandika akiwa na homa na kutoka kabla ya muda. Herufi ile haikufanana na yeye. Tulianza kwa kuzungumzia rufaa, kwa kuwa Baraza hupokea rufaa za matokeo kwa muda maalumu na ada yake ni ndogo ukilinganisha na mwaka, lakini yeye mwenyewe akakiri kwamba hakukuwa na kosa la usahihishaji, aliandika vibaya. Basi akajisajili somo moja tu, Fizikia, baada ya kuandikia chuo alichokitaka na kupata jibu kwamba kingepokea matokeo ya mikao miwili. Miezi yote aliiweka kwenye somo hilo, na masomo mengine hakuyagusa, kwa kuwa cheti cha kwanza hakifutwi na mtihani wa pili na A yake ya Biolojia ilikuwa imeshakaa salama. Alipata C. Haikuwa B aliyoizoea, lakini ilitosha kuvuka kizingiti.

Tofauti kati ya kijana huyo na wengi wanaonijia iko katika neno moja, nalo ni sababu. Yeye aliweza kuitaja sababu ya alama yake kwa sentensi moja, na sababu hiyo ilikuwa imekwisha kupita. Anayesema "nilikuwa sijajiandaa vya kutosha" naye ametaja sababu, ila lazima aseme ni nini kitakachomfanya ajiandae zaidi akiwa nyumbani peke yake kuliko alivyojiandaa akiwa bwenini na wenzake. Na anayesema "najua tu naweza zaidi" hajataja sababu yoyote. Ametaja hisia, ambayo naiheshimu, lakini mtihani hauisahihishi. Niongeze pia kwamba tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kuingia shuleni kwa hatua, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, na kwa hiyo anayerudia katika miaka hii anapaswa kuhakikisha kwamba muhtasari atakaopimwa kwao ndio ule aliousoma, kwa somo husika na kwa mwaka husika, kabla hajalipia chochote.

Kuna jambo ambalo ni gumu kuwaambia wazazi usoni, nami nitaliandika hapa. Mara nyingi anayetaka kurudia si mtahiniwa. Ni baba aliyekwisha kuwatangazia wenzake msikitini au kanisani, ni shangazi aliyeko ng'ambo anayetuma ada na jina la chuo pamoja, ni mjomba ambaye mtoto wa rafiki yake amechaguliwa kule. Kijana mwenye pointi saba amefanya jambo kubwa, na badala ya kupongezwa anakuta nyumba ina matanga. Nimewaona wakiomba radhi kwa kupata B. Mzazi anayempenda mwanawe ajiulize, kabla ya kuingia kwenye mazungumzo ya kurudia, kama amewahi kumpa hongera bila kuongeza neno "lakini". Kijana aliyerudi mtihanini akiwa amebeba aibu ya ukoo hujibu maswali kwa mkono unaotetemeka kuliko yule wa bureti.

Nirudi kwa binti wa Fizikia C. Nilimwomba baba yake aniachie nizungumze naye kidogo, akatoka nje akasimama chini ya mwembe. Nikamwuliza kama ana ripoti zake za shule. Alikuwa nazo zote ndani ya bahasha ya kaki, zimepangwa kwa tarehe, nikajua kwamba naye alikuwa amezisoma mara nyingi kabla yangu. Tukaziweka benchini tukatafuta mstari wa Fizikia. Kidato cha tano muhula wa kwanza D, mwisho wa mwaka C. Kidato cha sita muhula wa kwanza D. Mtihani wa majaribio D. Mtihani wa taifa C. Nikamwuliza anaona nini. Akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mtihani wa taifa ndio niliofanya vizuri kuliko yote." Nikamwambia ndivyo ninavyoona na mimi, na kwamba C ile aliitolea jasho. Nikamwuliza kama anautaka udaktari au anakitaka kile chuo. Akasema anataka kutibu watoto, na kwamba Mwanza hajawahi kufika.

Baba yake aliporudi nilimwonyesha mstari uleule. Aliusoma kwa kidole, akarudia kuusoma, akakaa. Hakuwa mtu wa kubishana na kilichoandikwa. Aliuliza maswali mawili ya ada na moja la mkopo, nikamjibu niliyoyajua na kumwelekeza pa kuuliza mengine. Siku ya mwisho ya kuthibitisha udahili ilikuwa keshokutwa yake. Binti akatoa simu, akaufungua ujumbe uliokuwa na namba ya siri ya uthibitisho, akamtazama baba yake. Mzee akakunja ile karatasi ya matokeo, safari hii mara mbili tu, akairudisha kwenye bahasha pamoja na ripoti, kisha akaniuliza kama basi la Mwanza linaondoka saa kumi na moja au saa kumi na mbili alfajiri.